Safari ya Kuliulizia Jina la Tampi

Nilishuka ziwani kwa sababu ya neno moja la Kifaransa. Wengine hushuka kununua usipa, wale dagaa wa huko, wengine kuhani msiba. Mimi, mwanamke wa darasa la nne, magoti yanalia na kahawa yangu ya mwisho haijachumwa, nilifunga kanga kiunoni nikaenda kuuliza neno. Wenzangu wa jumuiya mlionicheka siku ile naondoka, kaeni sasa mnisikilize. Nimerudi.

Binti yangu wa kwanza anaitwa Tampi, hilo mnalijua. Mimi mwenyewe tangu yeye azaliwe naitwa Mama Tampi. Otilia, jina langu la ubatizo, analikumbuka padri tu, tena akiangalia kwenye kitabu chake. Msilolijua ni jinsi jina hilo lilivyopatikana, maana mwaka ule sikuwa huku juu. Marehemu mume wangu alikuwa seremala wa misheni kule chini, karibu na Lundo, na hapo kulikuwa na zahanati ya masista. Mkunga wa zahanati aliitwa Sista Klotilda. Alitoka Uswisi, upande ule wanaosema Kifaransa. Kiswahili chake kilitosha kuomba maji na kukemea wavivu. Ila mtoto akianza kutoka, Kiswahili chote kilimkimbia, akabaki na lugha ya mama yake.

Na sisi wazazi wa pale tulikuwa na desturi yetu. Neno la kwanza analolisema mkunga mtoto akiwa mikononi mwake ni mali ya mtoto. Wakunga wa zamani walisema neno la kwao, "Mvua" au "Umechelewa", mtoto akaitwa hivyo maisha yake yote. Sista naye akasema ya kwao, tukayachukua vilevile. Nani aliuliza maana? Jumapili padri aliweka jina la mtakatifu juu, sisi tukaenda nyumbani na lile la chini. Ndiyo maana pwani yote ile ya ziwa ina watu wazima wanaoitwa Mersi, na Vwala, na Alee, na kuna mmoja anaitwa Kuraji, yaani ujasiri, ambaye utotoni alikimbia hata kengele ya shule. Wangu Sista alimwambia "Tampi". Nikalipenda. Lilikuwa fupi, linaitika vizuri mtu akiita kutoka ng'ambo ya bonde.

Tampi akakua nalo. Miaka hii ya soko huria, wanunuzi binafsi walipoanza kupanda huku na malori yao, yeye ndiye aliyeona kabla ya wanaume kwamba mtu aliyeuza kahawa anataka sabuni, chumvi na bati siku hiyohiyo, asizungushwe. Akafungua duka Mbinga mjini. Akamwita fundi rangi akaandika juu ya mlango, herufi nyekundu: TAMPI STOO. Siku ile nilisimama barabarani nikasoma ubao ule mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma sala. Jina nililolipokea kwa masikio yangu, limepakwa rangi, linasomwa na wapita njia!

Shida ilikuja na mjukuu wangu Jenerosa, mtoto wa huyohuyo Tampi. Yuko kidato cha tatu, shule mpya ya wasichana upande wa Songea, na huko wanafundishwa hata Kifaransa. Likizo alirudi na daftari. Safu ya kushoto maneno ya Kifaransa, safu ya kulia maana yake kwa Kiingereza, maana ndivyo mwalimu wao anavyofundisha. Siku hiyo nilikuwa dukani, nimekaa juu ya gunia la chumvi, na duka limejaa watu.

"Mama!" Jenerosa akapiga kelele. "Jina lako limo humu!"

"Lisome kwa sauti," Tampi akasema, kidevu juu. "Wateja nao wasikie."

Akasoma Kifaransa chake. Kisha akatua. Macho yakashuka kwenye Kiingereza, akakunja midomo.

"Sema, mwanangu. Umelipiwa karo ukae kimya?"

"Wameandika *too bad*."

Karani mmoja wa wanunuzi wa kahawa, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, ndiye aliyecheka wa kwanza. "Yaani 'Basi tena'! Yaani 'Shauri yake'!" akawatafsiria wenzake. "Mama Basi Tena, nipimie chumvi!"

Mji mdogo kama Mbinga hauhitaji redio. Kufika jioni hata watoto wa kutumwa kiberiti walikuwa wanasema, "Nimetumwa kwa Mama Basi Tena." Tampi alivumilia siku nne. Siku ya tano aliushusha ubao, akauegemeza nje ukutani, uso umetazama matofali. Kisha akapanda huku kwetu Mpepai kwa mguu, akanikuta shambani.

Hakunisalimia. Tampi, ambaye sijawahi kuikosa "Shikamoo" yake hata akiwa na homa!

"Mama, ulinizaa ukaniita Basi Tena?"

"Aliyekuita si mimi. Ni Sista."

"Na Sista aliniona nimekaaje hata aniambie basi tena siku ya kwanza ya maisha yangu?"

Nikachuma kahawa mbichi nikaitia kikapuni. Mnanijua, mimi si mtu wa kuchuma mbichi.

"Jumatatu ya wiki ijayo nakwenda mahakamani kula kiapo," akasema. "Jina hilo life. Nitaitwa Yustina, jina langu la kanisani."

"Na mimi nitaitwa nani?"

"Utajua mwenyewe, Mama."

Akashuka. Nikabaki nimeshika tawi la mbuni kama mtu aliyezuiwa asianguke.

Sasa niwaambie kitu ambacho sijawahi kumsimulia mtu, hata mume wangu. Siku ile Tampi anazaliwa, hakulia. Alitoka kimya. Nilikuwa nimelala chali, naona dari tu na mgongo wa Sista. Nikasubiri sauti ya mtoto, haikuja. Badala yake nikasikia kitu kama kijiti kinavunjika, na Sista akasema kwa ukali, "Tampi!" Kisha kimya tena, kirefu. Halafu ndiyo mtoto akalia. Kila nilipohadithia kuzaliwa kwake niliruka kile kimya, nikaanzia kwenye kilio. Lakini Jenerosa aliposoma dukani, kimya kile kilinirudia chote. Nikajiuliza: je, Sista alikuwa amemkatia tamaa? Alimtazama mwanangu akasema basi tena, na mimi mpumbavu nikaokota neno hilo nikamvisha mtoto?

Sista mwenyewe alisharudi kwao zamani, na umri wake ule sidhani kama yupo. Lakini ndani ya chumba kile alikuwepo mtu wa tatu, Ostakia, mhudumu wa zahanati, rafiki yangu wa ujana. Ndiye niliyemfuata.

Jumanne, kabla jua halijachomoza, nilitoka Mpepai. Mkobani nilikuwa na mahindi ya kukaanga, kilo moja ya maharage ya kumpelekea mwenyeji, na lile daftari. Jenerosa alikuwa amepanda jana yake kunipa, huku analia, akidhani anaua mama yake. Nilimwambia afute machozi na achukue penseli, aongeze safu ya tatu kwa Kiswahili, maana Kiingereza kwangu ni moshi tu. Akaandika. Kwenye neno la mama yake mkono ulisita, kisha akaandika: basi tena.

Njia ya kwenda Mbinga naijua kwa nyayo. Asubuhi ile mashimo ya ngolo tunayolimia kwenye miteremko yalikuwa na ukungu ndani yake, kila shimo na wake, kama masufuria yaliyofunikwa. Nililima mashimo kama hayo na mama yangu tangu nikiwa mfupi kuliko jembe. Nilipita dukani. Tampi alikuwa anafagia. Ubao bado uko ukutani, mgongo nje.

"Nashuka ziwani," nikamwambia.

"Kufanya nini?"

"Kuuliza."

"Uliza," akasema, akaendelea kufagia. Lakini nilipogeuka nilisikia ufagio umesimama.

Saa nne nilipata lori lililopeleka mahindi Mbamba Bay. Utingo akaniuliza kama nitaweza kukaa juu ya magunia. Nikamwambia nimezaa watoto sita, magunia hayanitishi. Njia ya kushuka ni kona juu ya kona. Huku juu nilikuwa na sweta na kanga mbili. Kona ya kwanza nikavua sweta, baadaye kidogo nikavua kanga ya juu, na kama njia ingeendelea sijui ningefika na nini. Kisha ziwa likatokea, lote kwa mara moja, bluu hadi milima ya ng'ambo.

Mara ya kwanza kuliona nilikuwa bi harusi wa wiki tatu. Tulishuka kwa miguu siku mbili, mume wangu amebeba sanduku la randa na misumeno kichwani, mimi kitanda kilichokunjwa. Nilipoona maji yale niliketi juu ya jiwe nikakataa kuendelea. Nilidhani mbingu imeanguka. Yeye alicheka hadi msumeno ukaanza kuimba ndani ya sanduku. Juu ya lori nilitafuta jiwe lile nililokalia. Mawe yote yalifanana. Utingo akaona natokwa machozi.

"Vumbi, bibi?"

"Vumbi," nikasema.

Mbamba Bay nililala kwa shemeji yangu, nikala samaki wa mbasa aliyetoka ziwani kwa ugali wa muhogo. Niseme ukweli, sisi wa milimani tunajisifia maharage yetu kwa sababu tu hatujazaliwa karibu na mbasa.

Jumatano asubuhi nilipata boti la kwenda Lundo. Nikashuka nikafuata njia ya zahanati bila kuuliza mtu, miguu ikanipeleka. Masista hawapo tena, ni wauguzi wa siku hizi, wazuri, wana nguo safi. Chumba cha kuzalia cha zamani kimekuwa stoo ya magodoro. Nesi kijana akanifungulia mlango, nikasimama katikati. Dari ni ileile. Hata doa la maji lililofanana na kuku bado lipo, limenenepa tu.

"Bibi, ulizalia hapa?" akauliza.

"Hapo uliposimama."

Akasogea haraka kama amekanyaga mtu. Tukacheka. Nikamuuliza habari za Ostakia. Akasema yule mama mzee alihamia Mbaha kwa mwanawe, miaka mingi sasa, anakausha usipa. Mbaha ni mbele zaidi, kupita Liuli, na Jumatatu ilikuwa inakuja.

Mchana nilikwenda kisimani kunywa maji, na hapo kwenye kijia cha kisima, donda langu la zamani likafunguka. Niliseme, maana nalo limo kwenye safari hii. Mwezi ule nilipotoka uzazini, nimempakata Tampi, nimevaa kanga mpya, nilikutana na Sista Klotilda kwenye kijia hicho. Nikapiga goti, macho chini, nikasema, "Shikamoo Sista, mtoto wako huyu." Nilisema kwa sauti ya chini, kama mke kijana anavyosema na mkubwa. Akanipita! Hakugeuza shingo. Akanipita kama gogo lililolala njiani. Na si siku ile tu, alinipita hivyo mara tatu, nne. Nilisema moyoni, sawa, wewe ni Mzungu, mimi ni mke wa seremala, nimeelewa. Siku anaagwa kurudi Ulaya, watu walilia na kuimba. Mimi nilibaki nyumbani nikapepeta mchele. Kinyongo hicho nimekaa nacho muda mrefu kuliko nilivyokaa na mume wangu.

Alhamisi, mwenye boti la Mbaha alikuwa mwanamume mpana wa kifua, mwenye kofia ya mitumba imeandikwa maneno ya Kizungu. Abiria wakamwita, "Vwala, twende!" Nikaruka kama nimeumwa na siafu.

"Wewe ni Vwala wa zahanati? Mtoto wa Mama Kalista?"

"Ndiye. Na wewe bibi ni nani?"

"Mimi ni Mama Tampi, mke wa yule seremala."

"Shikamoo, Mama! Tampi aliyenipiga kwa mwiko?" Akashika kichwa chake, mahali penyewe kabisa. "Kaa mbele hapa, pasipo na maji."

Baada ya kuondoka ufukoni nikamweleza habari ya daftari. Akaangalia injini yake kana kwamba ina shida. Haikuwa na shida.

"Na langu limo?" akauliza.

Nikafungua. Nilisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, safu ya penseli. "Lako maana yake ni 'huyo hapo'."

"Huyo hapo?"

"Huyo hapo. Kama mtu aliyekuwa anatafutwa amepatikana."

Akatabasamu hadi nikaona pengo. "Afadhali. Nimeogopa miaka yote ni jina la dawa ya minyoo." Kisha akawageukia abiria. "Mmesikia? Mkiniona, semeni, huyo hapo!"

"Hata usipoitwa unaonekana," mama mmoja mwenye ndoo akamjibu. "Tumbo hilo nani asilione?"

Boti zima likacheka. Mimi nilicheka nusu. Hata Vwala, aliyekuwa mtoto wa kamasi, Sista alimpokea kwa neno la furaha. Wangu tu ndiye aliyeambiwa basi tena?

Tulifika Mbaha jua limeegemea. Sikumtafuta Ostakia sana. Nilimwona ufukoni, ameinama kwenye vichanja vya usipa, anageuza samaki kwa viganja vyote viwili, vilevile alivyokuwa anakunja shuka za zahanati. Mgongo umepinda. Sauti haijapinda.

"Nani huyo anayenikingia jua?"

"Kama hunijui, basi endelea na usipa wako."

Akainuka polepole. "Mama Tampi!" Tukashikana. Alinuka ziwa, mimi nadhani nilinuka lori. Akanitazama meno, akahesabu, akasema, "Bado unayo ya mbele. Wewe mwizi." Akanikalisha kwenye mkeka, akaniletea uji wa muhogo, akauliza watoto mmoja mmoja kwa majina. Alipofika kwa Tampi, nikaweka bakuli chini.

"Ndiye aliyenileta," nikasema. Nikamweleza yote. Daftari, karani, ubao ulioegemezwa ukutani, kiapo cha Jumatatu. Nikamweleza na kile kimya. "Ostakia, mimi niliona dari tu. Wewe uliona mtoto. Niambie bila kunionea huruma. Sista alikuwa amemkatia tamaa mwanangu?"

Akanyanyuka akaenda kwenye kichanja, akageuza samaki ambao alishawageuza. Nikamfuata.

"Usiniache hivi. Nimekuja kwa lori na maboti mawili."

"Ngoja kwanza, mwanamke! Kitu cha miaka yote hiyo hakitoki kwa kuvutwa." Akapangusa mikono. "Mtoto alitoka kimya, kweli. Rangi haikuwa nzuri. Sista akamlaza kwenye meza, akainama kumpulizia mdomoni. Unakumbuka miwani yake?"

Niliikumbuka. Vioo vinene kama sehemu ya chini ya chupa.

"Ilidondoka alipoinama. Mimi nilikuwa nakuja mbio na maji ya moto. Peku. Nikaikanyaga. Ikavunjika chini ya mguu wangu, kah!"

Kijiti kinavunjika.

"Nikasimama nimeganda," Ostakia akaendelea. "Miwani ya Mzungu! Na hakuwa na nyingine, tulijua wote. Niliweka beseni chini nikaanza kuokota vioo. Sista hakuinua hata uso. Alipunga mkono hivi," akapunga, kama anayefukuza nzi, "akasema lile neno. Tampi! Akamrudia mtoto. Akapuliza, akapuliza, mimi naokota na kulia. Kisha mtoto naye akalia. Mimi na mtoto tukalia pamoja."

Nilishika kichanja. Usipa wakatikisika.

"Kwa hiyo neno lile…"

"Aliiambia miwani. Mwanao hakuambiwa kitu, mwanao alikuwa anapulizwa."

Nikaketi mchangani, mwanamke mzima, na mkufu wangu wa rozari shingoni. Nikauliza jambo lililofuata nikiwa nimeshaogopa jibu lake.

"Alikaa muda gani bila miwani?"

"Mpaka nyingine ilipotoka kwao kwa meli. Miezi mitano, sita? Alikuwa kama kipofu, maskini. Alisalimia mbuzi. Mimi ndiye niliyemsomea chupa za dawa. Aliwaambia wenzake kwamba aliikalia mwenyewe, na mimi akanikataza kusema nisije nikafukuzwa. Ndiyo maana nawe sikukwambia. Na baadaye nilipotaka kusema, mlishapanda milimani."

Alisalimia mbuzi. Na mimi, niliyepiga goti na kanga yangu mpya nikasema kwa sauti ya chini, alinipita.

"Unaniamini?" Ostakia akauliza. Kabla sijajibu akakaa, akanyanyua mguu wake wa kulia, akautia mkononi mwangu bila aibu. Kisiginoni kulikuwa na kovu, refu kama punje ya mpunga, jeupe. "Kipande kimoja hakikutoka hadi mwaka uliofuata. Shika. Shika vizuri, si nyoka."

Nikashika.

Ijumaa Ostakia alinikataza kuondoka, nami nilikubali, maana wazee wawili wakiachana leo hawajui watakutana wapi. Tulitengeneza usipa, tukaimba nyimbo za zamani za kanisani kwa maneno tuliyoyakumbuka, na pale tuliposahau tukatia ya kwetu. Alinifungia usipa kwenye kikapu. Nikamwachia maharage, akasema yana mawe. Yalikuwa hayana hata moja.

Jumamosi Vwala alinirudisha hadi Mbamba Bay, nikamwomba apitie Lundo. Akaegesha, abiria wakanung'unika. Nilipanda haraka hadi kwenye kijia cha kisima. Hapakuwa na mtu isipokuwa msichana mmoja na ndoo yake. Nikasimama pale pale. Goti la kushoto halikutaka kupinda, nikalilazimisha.

"Shikamoo, Sista," nikasema. Safari hii kwa sauti kubwa, ya kusikika na asiyeona.

Msichana wa ndoo akanitazama, akatazama nyuma yake, akaondoka mbio. Nami nikarudi kwenye boti.

"Umesahau nini huko, Mama?" Vwala akauliza.

"Salamu," nikamwambia.

Jumapili alasiri lori liliniteremsha Mbinga, nimejaa vumbi na harufu ya samaki. Duka lilikuwa limefungwa nusu. Tampi alikuwa ndani na Jenerosa, na mezani kuna gauni jeusi limepigwa pasi. La mahakamani hilo, nikajua.

"Shikamoo, Mama," Tampi akasema. Niliona imemponyoka.

"Marahaba. Kaa chini."

"Nitasikiliza nimesimama."

Nikamweleza. Sikuruka kimya. Nilimwambia hakulia, nilimwambia rangi haikuwa nzuri, nilimwambia na hofu yangu yote. Kisha nikamwambia habari ya miwani, na maji ya moto, na mkono uliopunga kama wa kufukuza nzi. Nikiwa katikati, alikaa.

"Na nitajuaje kwamba wewe na huyo rafiki yako hamjaitunga hadithi hii mmekaa mkeka mmoja?" akauliza, lakini sauti yake ilishabadilika.

"Nenda Mbaha ukashike kisigino. Kiko pale, kina kovu, na hakina aibu."

Alitazama mikono yake. Jenerosa alikuwa amefungua daftari, penseli mkononi, anamtazama mama yake kama anayesubiri ruhusa.

"Miezi sita hakuona?" Tampi akauliza.

"Alisalimia mbuzi."

"Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako. Na maana yake ni ileile, mwanangu, karani hakukosea. Sista alisema basi tena. Kilichoambiwa basi tena kilikuwa macho yake."

Nimejifunza kwa safari ile kwamba daftari linaweza kukupa maana ya neno kwa Kiingereza na kwa penseli, na yote yakawa kweli, na bado hujui lilisemwa kwa nini mpaka umtafute aliyekuwepo chumbani, ushike na mguu wake. Nimejifunza pia kwamba mtu aliyenipita njiani huenda hakuniona. Hilo nimelijua nikiwa na mvi, lakini nimelijua.

Jumatatu asubuhi Tampi alivaa lile gauni jeusi. Nikadhani anakwenda kula kiapo. Alitoka nje, akaukamata ubao, akaugeuza. Rangi nyekundu ilikuwa imechubuka kwa kukwaruzana na matofali. Karani wa kalamu mbili alikuwa anapita.

"Habari za asubuhi, Mama Basi Tena!"

"Nzuri sana," Tampi akamjibu. "Nenda kaniitie fundi rangi. Mwambie alete kopo zima. Haya maandishi ni madogo. Nataka yasomeke hata na mtu asiye na miwani."